Mama lishe aliyenifundisha kuzima spika

Kwa miaka minne nilihubiri kila Jumamosi karibu na stendi ya Kabwe, hapa Mbeya. Nilikuwa na spika ya kukodi, betri ya gari na Biblia. Nilianza saa nne asubuhi, nikamaliza sauti imekauka, nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba Neno limetoka.

Aliyenisimamisha ni mama lishe mmoja ambaye banda lake lilikuwa hatua chache tu kutoka nilipoweka spika. Siku hiyo mvua ilinikimbiza, nikaingia kwake na kuagiza wali maharage. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, najua unasema maneno ya Mungu, lakini mimi sijawahi kuyasikia. Mteja akiagiza, simsikii. Akinidai chenji, tunapigiana kelele. Ukifunga vyombo vyako ndipo napumua."

Yaliniuma, maana watu kama yeye ndio niliodhani nawahubiria. Mvua haikukatika haraka, tukaongea. Alikuwa na kijana wake aliyekwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake haikuwa ikipatikana tangu Pasaka. Akaniuliza kama kwenye Biblia kuna mzazi aliyewahi kungoja hivyo. Nikamsomea Luka 15, habari za mwana mpotevu na baba aliyemwona angali mbali. Alinyamaza, akafuta macho kwa kanga, akaomba nirudie pale baba anapopiga mbio.

Sisemi mikutano ya hadhara iachwe. Nawajua watu waliookoka uwanjani, na imani yao imesimama hadi leo. Ila nimejifunza kumtazama kwanza anayesikiliza kabla sijachagua njia: anashinda wapi, anapata nafasi saa ngapi, anaweza kusoma, akiumia anaomba kwa lugha gani. Someni Matendo 17 mumwone Paulo akiwa Athene. Kwenye sinagogi anajadiliana na Wayahudi, sokoni anazungumza na yeyote anayekutana naye, na kule Areopago, mahali pa baraza la mji, anaanzia kwenye madhabahu yao wenyewe na kutumia maneno ya washairi wao. Mtu mmoja, mji mmoja, njia tatu.

Mama yule macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu, kwa hiyo nikaanza kumsomea kwa simu. Ndivyo nilivyoingia kwenye ujumbe wa sauti. Nilikosea mwanzoni: nilimtumia mahubiri ya dakika arobaini. Binti yake akanieleza kwamba klipu ndefu inakula bando na hakuna anayeifungua. Sasa sizidishi dakika tatu. Nasoma aya chache polepole, nasema neno moja lililonigusa, nauliza swali moja, basi. Wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na intaneti, nawawekea klipu zilezile kwenye kadi ya memori. Kwa bibi wa kule vijijini namwomba dada mmoja wa kanisani asome kwa Kisafwa, na hapo ndipo majibu huja mengi kuliko kwa Kiswahili changu.

Wapo wanaoona mambo haya ni ya kisasa mno. Mimi ni muumini wa Kanisa la Moravian, na huwa nawakumbusha kwamba mwaka 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa wakati huo, alianza kuwapa waumini neno fupi la siku, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kuanzia 1731 likachapishwa kitabuni. Wamisionari wa kanisa hilo walipofika Rungwe, huku kwetu Mbeya, mwaka 1891, desturi ya neno la siku ilikuwa imeshapita miaka mia moja na sitini. Ujumbe mfupi unaobisha hodi kila asubuhi ni urithi wetu.

Bodaboda walinifundisha jambo jingine. Kijiweni hakuna anayetaka kuhubiriwa na mtu aliyesimama huku yeye amekaa juu ya pikipiki anavizia abiria. Lakini kisa watasikiliza. Nikawapa kilekile cha mwana mpotevu, nikauliza nani kati ya wale ndugu wawili anafanana nao. Nilitegemea watamtaja mdogo. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, mimi ni yule mkubwa. Nilikatisha shule nikalipia wadogo zangu ada, mmoja akaila kwa pombe, na nyumbani bado wanamchinjia kuku." Wenzake wakanyamaza. Sikuwa na hubiri la kumpa. Nilimwonyesha tu kwamba baba yule alitoka nje mara mbili: kumpokea mdogo aliyerudi na kumsihi mkubwa aliyekasirika. Tangu siku hiyo yeye ndiye hunipigia, "Mwalimu, leo hatuna abiria, njoo." Ukienda vijiweni, nenda na swali ambalo hata wewe linakusumbua, kisha vumilia ukimya.

Msibani, kwangu, ni mahali pa mikono zaidi ya mdomo. Chota maji, pasua kuni, kaa na wafiwa usiku. Akielekea kaburi la rafiki yake Lazaro, kabla ya muujiza, Yesu akalia machozi. Halafu rudi wiki ya tatu, turubai limeshaondolewa na ndugu wa mbali wameshapanda basi. Mjane akiwa peke yake na chai yake ndipo huuliza maswali ya kweli kuhusu ufufuo, na hapo jibu.

Kuna mambo naomba tuyaache kabisa. Usimwingize mtu kwenye kundi la simu bila kumwomba. Usisambaze ujumbe wa "tuma kwa watu kumi upate baraka". Huko ni kuwatisha watu kwa jina la Mungu. Usimpige picha mgonjwa unayemwombea ukaiweka mtandaoni. Usimwahidi mtu kazi, ndoa wala uponyaji ambao hukuambiwa na Mungu. Na jirani yako Mwislamu usimdhihaki ili wenzako wacheke; Petro alituagiza kuwajibu watu kwa upole na kwa hofu. Nina jirani Mwislamu ambaye kwa miaka tumekuwa tukipelekeana chakula sikukuu zikifika. Maswali yake kuhusu Yesu aliyaanzisha mwenyewe, barazani kwake, wala simharakishi.

Kijana wa mama lishe alipiga simu mwezi wa tisa. Hajarudi bado. Mama aliomba ile klipu ya Luka 15 imfikie, dada yake akaitupia huko Chunya, na juzi kijana mwenyewe ameniandikia akiomba nimtumie nyingine. Nimeamua kumpelekea Luka 24, wale wanafunzi wawili waliotembea na Yesu njiani kwenda Emau. Kesho nitaamka saa kumi na moja alfajiri niirekodi, kabla jirani hajawasha mashine ya kusaga.