Mtungi wa Akiba Haulazwi: Yaliyonikuta Nikitoka Konde

Juzi nimepokea ujumbe wa ndugu mmoja wa Fuoni, Unguja, ambaye ameshalikamilisha jambo ambalo sote tunaopenda kusafiri na familia zetu tunalitamani. Amenunua Hiace kuukuu, ameng'oa viti vya nyuma, amepiga kitanda cha mbao na kabati ya vyombo, na sasa anataka kwenda kulala Makunduchi na watoto wake siku za Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko. Mtungi wa gesi wa kupikia ameshaupatia pahala pake. Ule wa akiba, wa kilo 6, ameulaza chini ya kitanda cha watoto na kuuzungushia blanketi ili usigongwe njiani. Anauliza kama blanketi moja linatosha.

Nilipofika kwenye habari ya blanketi niliiweka simu chini. Nami nilikuwa na mtungi wa kilo 6, nilikuwa na kitanda cha mbao na watoto juu yake, nami niliulaza.

Ni miaka sita sasa. Tulikuwa tumelala siku tatu Vumawimbi, mimi, mke wangu na watoto wawili, na kwa kweli sijui pwani nyengine katika Pemba inayonituliza moyo kama ile, hasa asubuhi maji yanapotoka na mchanga ukabaki mtupu hadi mbali. Usiku wa mwisho mtungi wa kwanza ulimalizika. Asubuhi nilikifungua kichomeo, nikakifunga juu ya mtungi wa akiba, tukachemsha chai, tukafunga vitu na kuondoka kupitia msitu wa Ngezi. Kichomeo sikukitoa. Nilijiambia kuwa nitakitoa nikifika nyumbani Chake Chake, na hilo ndilo kosa la kwanza.

Kosa la pili nililifanya Konde, kwa mama mkwe. Alikuwa na viroba vitano vya makonyo makavu, yaani vikonyo vya karafuu, ya kupelekwa Chake Chake, na mkwe akikuomba jambo humwambii kwamba gari imejaa. Ili viroba vipate nafasi niliulaza mtungi ubavu, nikausukuma chini ya kitanda, nikavipanga viroba juu yake na pembeni yake. Nilijiona nimefanya kazi nzuri, kwa sababu mtungi haukuweza kutikisika hata kidogo.

Hatukufika mbali. Wanaoijua Pemba wanajua kuwa njia zetu hupanda na kuteremka, na kila tulipoteremka viroba vilisogea mbele. Mke wangu alisema mara moja kwamba kunanuka vibaya, nikamjibu kuwa ni makonyo. Ni kweli gari nzima ilikuwa inanuka makonyo, harufu kali inayoingia puani na kukaa huko huko. Kisha binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa na ameketi sakafuni akicheza, akasema: "Baba, hapa chini pana baridi, mguu wangu unaingia ganzi."

Baridi, Pemba, saa saba mchana.

Nilisimamisha gari, nikazima injini, nikawaambia wote watoke na wende upande unakotoka upepo, wasishike kitu. Nilipofungua mlango wa nyuma nilisikia mlio mwembamba. Nilivuta kiroba cha kwanza, cha pili, na cha tatu kikakataa kunyanyuka. Upande wake wa chini ulikuwa mgumu kama ubao, na juu ya nailoni palikuwa na utando mweupe wa barafu, mwembamba, uliokuwa ukikatika vipande nilipougusa. Kiroba kilikuwa kimeisukuma koki ya kichomeo ikafunguka. Niliifunga kwa mkono mtupu, na vidole viwili vikatoka malengelenge kana kwamba nimeshika jiko la moto.

Tulikaa chini ya mikarafuu ya watu, milango yote ikiwa wazi, kwa muda unaozidi saa nzima, na katika saa ile sikusema neno.

Baadaye nilijibidiisha kujifunza ni nini hasa kilichotokea, na naomba wenzangu mnisikilize hapa, kwa sababu mtu akijua sababu hahitaji kukumbushwa. Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ndani ya mtungi imeshindiliwa hadi ikawa maji. Mtungi ukisimama, maji hukaa chini na mvuke hukaa juu, kwenye mdomo, kwa hivyo hata pakivuja hutoka mvuke. Mtungi ukilazwa, maji yenyewe huja mdomoni, na lita moja ya maji ya propani ikitoka nje hugeuka karibu lita 270 za gesi. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na katika kuchemka hunyonya joto la kila kilicho karibu nayo. Ndiyo ile barafu, na ndiyo yale malengelenge yangu.

Jambo jengine ni uzito. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani kwa karibu mara moja na nusu na butani kwa karibu mara mbili. Haipandi juu ikatokea dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pale pale watoto wanapokaa. Kwa asili yake haina harufu. Ile harufu mbaya tunayoijua hutiwa makusudi ili mtu ashtuke, na mimi nilikuwa nimeifunika kwa viroba vitano vya makonyo. Huanza kuweza kushika moto inapofikia kiasi cha asilimia 2 tu ya hewa. Nimepiga hesabu ya Hiace yangu: chini ya nusu kilo ya gesi inatosha kuifanya hewa yote iliyomo ndani iwe ya kuwaka, na mtungi una kilo 6.

Habari ilifika kwa shemeji yangu kabla ya mimi kufika kwake. Katika harusi moja, mbele ya wazee, alisema kwamba mimi nazithamini pwani kuliko watoto wa dada yake. Juu ya mtungi alikuwa na haki. Juu ya nia yangu hakuwa na haki, na neno lile limenikaa hadi leo. Sikumjibu, lakini wiki ile ile nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma.

Tulichotengeneza, na nasema kwa fahari kwa sababu watu watatu wameshakuja kukipiga picha, ni sanduku la vyuma lililofungwa nje ya gari, nyuma, mbali na bomba la moshi. Mtungi unaingia ukiwa umesimama, unakaa ndani ya pete ya chuma inayouzuia usipinduke, na mkanda mmoja unaubana kiunoni. Chini ya sanduku ni wavu mtupu, hakuna bati, ili gesi ikivuja ishuke ardhini na kwenda zake. Juu pana kifuniko cha kuukinga na jua, kwa sababu mtungi haujazwi gesi hadi juu; huachwa nafasi ya karibu sehemu moja kwa tano ili maji yapate pa kutanukia yakipata joto. Gari iliyofungwa vioo na kuegeshwa juani ni tanuri, na mtungi haufai kuachwa humo. Magari ya kulala ya Ulaya hufuata njia hii hii: mtungi huwekwa nje, au kwenye kisanduku kisichopitisha hewa kwenda ndani, chenye mlango wa nje na tundu sakafuni. Sikubuni kitu kipya, nilichelewa kukijua tu.

Kwa hivyo ushauri wangu ni mfupi, na nitaurudia kila atakaponiuliza mtu. Mtungi usimame. Mtungi ufungwe usitikisike. Mtungi ukae nje, au kama huna budi, ukae pahala ambapo hewa inapita chini na watu hawalali juu yake. Kabla gari haijaondoka, kichomeo kitolewe, mpira utolewe, na mdomo ufunikwe kwa kifuniko chake. Muuzaji aliyeniuzia ule mtungi hakunipa kifuniko, na nilipokiuliza alinijibu kuwa hakina kazi. Kina kazi! Usikubali kuondoka dukani bila nacho. Kisha chukua povu la sabuni, lipake mdomoni, na ukiona mapovu yanafura, mtungi huo hausafiri. Wala usitafute uvujaji kwa kiberiti, hata kama mzee wako alikuwa akifanya hivyo maisha yake yote. Sisi tunaokaa kando ya bahari tuitazame na pete ya chini ya mtungi, kwani chumvi huila taratibu pale pasipoonekana.

Na je, mtungi wa pili unahitajika kweli? Hapa ndipo ninapowalaumu wengi wetu, nikiwemo mimi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Uninginize kwenye mizani ya samaki, toa uzito ule, na kilichobaki ndicho gesi uliyonayo. Familia yangu ya watu wanne haimalizi kilo 1 kwa siku tatu. Siku ile ya Vumawimbi ningeupima mtungi wa kwanza kabla ya kutoka nyumbani, ningejua kuwa umebakiwa na kidogo, ningebadilisha nikaondoka na mmoja uliojaa, na mama mkwe angepata nafasi ya viroba vyake. Tunabeba akiba kwa sababu ya uvivu wa kupima, na tunauita uvivu ule tahadhari. Mtu anayewapandisha watoto gari haruhusiwi kukisia.

Kuhusu kuvuka baina ya Unguja na Pemba, usiufiche mtungi ndani ya gari wala ndani ya mizigo. Meli imebeba watoto wa watu wengine pia. Uliza bandarini mapema, na njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuuacha nyumbani na kuazima au kununua huko unakokwenda. Mara nyingi mtungi hubadilishwa kwa wa kampuni ile ile, kwa hivyo tafuta kwanza kujua ni kampuni gani inayouzwa huko.

Ndugu yangu wa Fuoni, blanketi halitoshi, na mablanketi kumi hayatoshi. Utoe mtungi chini ya kitanda leo, kabla ya kulala. Upime ule wa kupikia. Ukiwa na kilo 3 za gesi, wa akiba uache nyumbani, kwani Makunduchi si mbali na maduka yapo. Ukiona lazima uende nao, mwone fundi wa vyuma kabla ya safari, na nitumie picha ya pale utakapouweka, nami nitakujibu siku hiyo hiyo.