Kichwa kimejaa, nianzie wapi?

Shikamoo shangazi. Nina kiduka Mbagala. Nikizima taa tu, kichwa kinaanza: rejesho la kikoba, ada ya mtoto, mzigo wa Kariakoo. Usingizi unakuja alfajiri.

Marahaba mwanangu. Chukua lile daftari la mahesabu ya duka, fungua kurasa za nyuma, na kabla ya kuzima taa andika kwa dakika 5 mambo yanayokungoja. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwalaza vijana 57 kwenye maabara ya usingizi. Wengine waliandika wanayotakiwa kufanya siku zijazo, wengine waliyokwisha kuyamaliza. Wale wa kwanza walipitiwa na usingizi mapema zaidi, kwa wastani wa dakika kama 9, na kadiri mtu alivyochambua mambo yake ndivyo alivyowahi kulala. Kwa hiyo usiandike "kikoba" ukaishia hapo. Andika: "Jumanne asubuhi, nimpigie mweka hazina, niombe kulipa nusu." Deni halijapungua hata shilingi, najua, ila hulazimiki tena kulikariri gizani.

Nimeachana na mchumba wangu. Najilazimisha nisimfikirie, lakini wapi! Nifanyeje nimsahau?

Acha kujilazimisha, ndiko kunakokuponza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaagiza wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Walipoambiwa sasa mfikirieni mtakavyo, dubu aliwajia mara nyingi kuliko kwa wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Na huyo ni dubu tu, hakuwahi kumnunulia mtu chipsi mayai.

Mpe muda wake basi. Jioni ukitoka kazini, nusu saa, kaa umkumbuke. Ukitaka kulia, lia. Akikujia saa nne asubuhi, mwambie "tutaonana jioni", endelea na kazi. Siku za kwanza atagoma kungoja. Halafu kuna hilo ambalo hukuniandikia ila nalijua: unachungulia status zake. Hapo unachimbua kidonda kwa kidole chako mwenyewe. Futa namba.

Makundi ya WhatsApp yananimaliza: ukoo, kwaya, tuliosoma pamoja, kamati tatu za harusi. Nikitoka watasema najidai.

Usitoke, zima sauti. Bakiza la ukoo tu, maana msiba haupigi hodi. Kinachokuchosha zaidi, nadhani, ni michango unayoikwepa. Taja kiasi unachoweza leo, hata kama ni kidogo, au sema safari hii huna.

Nimeandika, nimeswali, nimepumzika. Huu mwezi wa pili sina hamu ya chakula wala ya watu. Mume wangu anasema ni uvivu.

Si uvivu, na daftari halitoshi hapa. Huzuni ikipita wiki mbili ikiwa imekuondolea hamu ya karibu kila kitu, mwone daktari. Watu husikia "afya ya akili" wakawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, wakaogopa kuonwa. Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Atakutibu au atakuandikia rufaa. Ukimpata dada au shoga unayemwamini, akusindikize. Na kama mawazo ya kufa yamewahi kukupitia, usingoje Jumatatu. Mwambie mtu leo, mwende leo.