Ukitaka kukata dunia yako kwa leza, anzia chini ya ziwa

Nyanzala haipo kwenye ramani yoyote. Tuliitunga mimi na binamu yangu tukiwa na miaka kama 11, kwenye kambi ya polisi hapa Kampala ambako tulikulia (ndo maana Kiswahili changu ni hiki cha kambini), na ni nchi ya ziwa moja kubwa lenye visiwa 11, mlima mmoja, mto mmoja, na mji uliozama ambao watu wote wa visiwani wanaujua ila hawautaji wakiwa ndani ya mtumbwi. Madaftari yake 4 bado ninayo. Mwaka jana nikaamua niifanye kitu cha kushika, yaani picha ya plaiwudi ya matabaka 9 yaliyokatwa na leza, na kwa vile najua kuna wengine wenye dunia zao zimelala kwenye madaftari nataka niwaambie vile ilivyoenda.

Kosa langu la kwanza ni kuanza na picha. Nilichora Nyanzala vile ndege angeiona kutoka juu, rangi, vivuli, kila kitu, alafu nikajaribu kuigawa matabaka ikagoma kabisa. Leza haijui kivuli, inajua mstari tu: hapa kata mpaka chini, hapa choma juu juu, hapa pita usiguse. Kwa iyo mistari yako lazima iwe kontua, manake ukitembea juu ya mstari mmoja haupandi wala haushuki, uko urefu ule ule kutoka majini. Na nilipoanza kuchora kontua ndo nikagundua mto wetu ulikuwa unapanda mlima! Miaka yote hiyo hatukuona. Kontua zinapokutana na mto hujikunja kama V na ncha ya ile V inaangalia kule mto unakotoka, sasa mto wetu ulikuwa unakata mgongo wa kilima na kuendelea na safari.

Nilikaa na hilo jambo siku tatu. Kuuhamisha mto sikutaka, maana kijiji cha wafinyanzi kipo pale kwa ajili ya udongo wa mto, nikahamisha kilima, kilima kilipoondoka njia ya kwenda bandarini ikawa fupi, na njia ilipokuwa fupi vita ya kwenye daftari la tatu ikakosa sababu kwa sababu watu walikuwa wanapigania ile njia ndefu. Nikaitafutia vita sababu nyingine na sasa naipenda hadithi kuliko mwanzo. Nakushauri haya yote uyamalize nyumbani, kwa penseli na makatoni ya dukani na wembe, kabla hujaanza kulipia dakika za mashine ya mtu.

Jambo la pili ni urefu, na hapa usijaribu kuwa mkweli. Chukua mfano wa kwetu: tuseme ramani yako ina upana wa sentimita 60 na inabeba kilomita 300, basi Rwenzori yenye mita 5,109 itatoka kama sentimita moja tu, plaiwudi tatu za milimita 3 na kidogo. Ziwa Victoria, ambalo kina chake kikubwa ni kama mita 80, litakuwa na kina cha milimita 0.16, yaani ni kama upana wa ule mkwaruzo leza inaoula ikipita. Hakuna jicho litakaloona ziwa hapo. Kwa iyo ongeza chumvi, na uamue wapi unaiongeza. Mimi matabaka matatu mazima niliyapa maji, kwa sababu roho ya Nyanzala iko chini ya maji, na tabaka la chini kabisa nikalichoma mitaa ya ule mji uliozama, nikalipaka bluu nzito karibu nyeusi, ili anayeangalia kwa haraka aone ziwa tu na anayeinama aone barabara. Mlima ulipata yaliyobaki. Mtu mwingine angeupa mlima zaidi, ni sawa, dunia yake.

Faili nilitengeneza kwa Inkscape, programu ya kuchora kwenye kompyuta ambayo ni ya bure. Rangi moja ya mstari iwe ya kukata, nyingine ya kuchoma juu juu, na umwambie fundi ipi ni ipi. Maandishi yabadilishe yawe michoro kabla ya kuweka kwenye flashi, la sivyo kompyuta ya fundi ikikosa fonti yako itaweka yake. Na tafuta mistari iliyolaliana! Mimi ufuo wangu ulikuwa na mistari miwili mmoja juu ya mwingine, mashine ikapita mara mbili, mbao ikaungua kingo na dakika nikalipa mara mbili.

Mashine, kama uko hapa Kampala anzia kuulizia Nasser Road kwa watu wa kuprinti na mabango. Plaiwudi nilitoa Ndeeba, karatasi ya futi 8 kwa 4, nikaomba wanikatie vipande vinavyoingia kwenye mashine na vinavyopanda bodaboda. Chagua iliyonyooka, na ikifika nyumbani ilaze chini na uiwekee uzito, hasa mvua za Aprili, inapinda vibaya. Plaiwudi ya bei ya chini ina mafundo ya gundi ndani ambayo leza inashindwa kupita, kwa iyo jaribu vipande vidogo kwanza. MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, haina hayo mafundo ila ina moshi mwingi na ikiguswa na maji inavimba. Na nakuomba sana, ule ubao mweupe mwepesi wa plastiki wanaotumia kwa mabango, mara nyingi ni PVC, usikubali ukatwe kwa leza hata kama fundi anasema hakuna shida. PVC ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inachoma mapafu na inakula chuma cha mashine.

Sasa visiwa. Ukikata ziwa, kila kisiwa kinabaki kipande peke yake, na vyangu vilikuwa 11 vyenye matabaka tofauti, jumla vipande zaidi ya 40, vingine vidogo kama kucha, na viwili vilipita kwenye wavu wa chini ya mashine vikapotea kabisa. Mara ya pili nikafanya hivi: kila kipande kina namba iliyochomwa sehemu itakayofunikwa na tabaka la juu yake, na kila tabaka la chini lina mstari mwepesi wa kuonyesha la juu linakaa wapi. Pia nikabandika tepu ya karatasi juu ya mbao kabla ya kukata, moshi ukabaki kwenye tepu. Paka rangi kabla ya gundi, gundi ya mbao kidogo tu isitoke pembeni, weka vitabu vizito juu, lala.

Ilipokamilika nilimwita binamu, sasa ana watoto wawili na anaishi Jinja. Aliinama juu ya ziwa muda mrefu bila kusema kitu, alafu akaniuliza, soko liko wapi? Kwenye ule mji uliozama kulikuwa na soko la samaki, yeye ndo alilichora, daftari la kwanza, na mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Faili la tabaka la chini kabisa nimelifungua tena jana usiku, soko limekaa kati ya barabara mbili za chini, na plaiwudi moja imebaki.