Kabla hujaamini kuwa fangasi wako ana njaa ya madini

Ukiwa mgeni maabara ukaambiwa uoteshe Candida albicans bila zinki, kuandaa midia (chakula cha kuoteshea) isiyo na zinki ni kazi nyepesi. Ugumu ni kwamba fangasi huyu anakuja na akiba. Akilala usiku kucha kwenye YPD, midia ya kawaida ambayo ina madini tele, anajiwekea ndani ya seli, na ukimhamisha ataendelea kugawanyika kana kwamba hakuna kilichopungua. Muoshe, muoteshe kwanza kwenye midia ileile isiyo na zinki mpaka akiba iishe, ndipo uanze kupima. Vyombo vya glasi visuuzwe kwa tindikali, kisha kwa maji yaliyoondolewa ioni.

EDTA, kemikali ya kunasa madini, wengi huikimbilia kwa sababu ipo kila kabati. Lakini hiyo inashika chuma, zinki, shaba, manganizi, hata kalsiamu. Fangasi akikwama hujui kakosa nini. Tumia kemikali zinazolenga zaidi: kwa kunasa chuma BPS, kwa shaba BCS. Halafu rudisha madini moja moja uone lipi linamwinua. Matokeo yasiyo na kipimo hicho mimi siyahesabu.

Mwilini njaa hiyo ni ya kweli: transferini hufungia chuma kwenye damu, na chembe nyeupe humwaga kalprotektini inayokamata zinki na manganizi. Candida naye hutoa nje protini ya Pra1, inanasa zinki na kuirudisha kwenye seli kupitia Zrt1, mlango wa zinki kwenye utando wa seli.

Kwenye shaba ndiko wageni wengi hudanganyika. Shaba ikipungua, Candida huacha kutengeneza Sod1, kimeng'enya cha kuzima oksijeni kali (superoksidi) kinachohitaji shaba na zinki, akatengeneza Sod3 inayofanya kazi hiyohiyo kwa manganizi. Ukipima utendaji wa jumla wa vimeng'enya hivi utasema hakuna kilichobadilika. Pitisha protini za seli kwenye jeli zitengane, ipake rangi ya NBT: jeli yote inageuka zambarau, penye kimeng'enya panabaki mstari mweupe. Rudia na sayanidi, inayozima Sod1 (ndani ya kabati la kunyonya hewa yenye sumu, tafadhali). Mstari wa Sod1 utafutika, wa manganizi utabaki.

Ukihamia kwenye Rhizopus, fangasi mwingine wa ukungu, usimnyime chuma kwa deferoksamini, dawa ya kuondoa chuma mwilini. Wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu na kupewa dawa hiyo walipata mukomaikosisi, maambukizi makali ya fangasi wa aina hiyo, kwa sababu Rhizopus huchota chuma kutoka kwenye dawa yenyewe. Deferasiroksi, dawa nyingine ya kuondoa chuma, haimlishi hivyo.