Ujumuishi kwenye tamasha la filamu: anza na wanaotazama kwanza

Ukiajiriwa kusimamia utofauti na ujumuishi kwenye tamasha la kimataifa la filamu, jambo la kwanza utakaloombwa ni kuandaa mjadala. Utapewa chumba kidogo, saa nne asubuhi, wazungumzaji wanne na maji ya chupa. Uandae, tena vizuri, ila usikubali ukumalizie siku zako zote. Kazi yenyewe iko miezi mingi nyuma yake, kwa watu ambao aghalabu hakuna anayewajua: wale wanaotazama filamu kabla hazijamfikia mkuu wa uteuzi.

Tamasha kubwa hupokea filamu kwa maelfu, na hakuna mkuu wa uteuzi awezaye kuziona zote. Hugawiwa watazamaji wa awali, wengi wakiwa wa kujitolea au wenye malipo kiduchu. Mtu anakaa na kompyuta usiku baada ya kazi zake nyingine, anatazama, anatoa alama, anaandika mistari mitatu, anafungua inayofuata. Filamu nyingi safari yao huishia hapo.

Omba kusoma hiyo mistari mitatu. Utakuta maneno yanajirudia: "inajivuta", "sauti mbovu", "haieleweki wahusika wanataka nini". Mengine ni ya haki kabisa. Lakini "haieleweki" ikitoka kwa mtu asiyeijua lugha ya filamu, anayetegemea maandishi ya chini yaliyotafsiriwa haraka haraka kwa hela ndogo, inatueleza zaidi habari za mtazamaji kuliko za filamu. Nimewahi kusoma ripoti mbili za filamu moja, ambamo mhusika anamnyamazia baba mkwe wake dakika nzima mezani. Mtazamaji mmoja aliandika kwamba mazungumzo yamekufa. Mwingine, aliyekua akisikia lugha ile nyumbani, aliandika kwamba hapo ndipo alipocheka mpaka machozi.

Kwa hiyo shikilia mambo haya hata ukionekana msumbufu. Filamu isikataliwe kwa jicho moja. Kati ya wawili wanaoitazama, mmoja awe anaijua lugha yake au walau sinema ya eneo lake. Anayekataa aandike sababu ambayo asingeona haya kumsomea mwongozaji mwenyewe. Na walipwe, jamani. Kazi ya bure huwabakiza wenye uwezo wa kufanya kazi bure, halafu tunakaa kikaoni kujiuliza kwa nini wote wanapenda filamu zilezile.

Kuhusu takwimu, ujue unahesabu nini. Mei 2018, kwenye tamasha la filamu la Cannes huko Ufaransa, wanawake 82 walipanda pamoja ngazi za ukumbi kudai usawa, wakiongozwa na mwigizaji Cate Blanchett na mwongozaji Agnès Varda. Idadi hiyo ilisimama badala ya filamu 82 za waongozaji wanawake zilizokuwa zimeingia shindano kuu tangu 1946, wakati za wanaume zilikuwa zimepita 1,600. Kufikia siku hiyo mwongozaji mwanamke aliyekuwa ameshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya shindano hilo, ni mmoja tu, Jane Campion, mwaka 1993, naye aligawana tuzo na mwongozaji mwenzake, Chen Kaige. Picha za ngazi zile zilizunguka dunia. Kilichonivutia mimi zaidi ni karatasi iliyotiwa saini siku chache baadaye, ambayo ndani yake tamasha liliahidi kuhesabu jinsia za waongozaji wa filamu zinazowasilishwa na kutaja hadharani majina ya wanakamati wa uteuzi. Tukio la kwanza lilipigiwa makofi. La pili ndilo linalokupa kitu cha kufanyia kazi.

Tuseme filamu za wanawake ni theluthi ya zote mlizopokea, na kwenye ratiba zimebaki moja ya kumi. Basi zinaangukia ndani, mikononi mwenu. Zikiwa moja ya kumi tangu mwanzo, kagua mlango: tangazo lilifika wapi, fomu iko kwa lugha gani, ada ya kuwasilisha ni kiasi gani na nani ana kadi ya benki ya kuilipia. Msamaha wa ada uandikwe kwenye tangazo lenyewe. Ukiwa jambo la kunong'onezwa kwa barua pepe, watasamehewa wanaofahamiana na watu wa ndani.

Kisha viza, ambayo wageni wengi wa kazi hii huiona ni shughuli ya idara ya usafiri. Kwa tamasha lililo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini unaweza kusogezwa hadi 45. Sasa piga hesabu: mkiwajulisha waliochaguliwa wiki tano kabla ya ufunguzi, wenye pasipoti zisizohitaji viza watafika, na wengine watatuma salamu za video. Hamkukaa kikao kumbagua mtu, ila kalenda yenu imefanya hivyo kwa niaba yenu.

Dawa yake ni kuzijadili mapema filamu ambazo watu wake watahitaji viza, na kuwapa jibu la siri kabla ya tangazo kuu. Barua ya mwaliko ibebe jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na nani analipia tiketi, malazi na bima. Aisaini mtu ambaye ubalozi ukipiga simu, anapokea. Na bajeti ikumbuke kwamba kuna waombaji ambao nchini mwao hakuna ofisi ya kupokea maombi hayo, hivyo husafiri nchi nyingine kwanza kwenda kuomba ruhusa ya kusafiri.

Januari 2023 kwenye tamasha la Sundance huko Marekani, Marlee Matlin, mwigizaji kiziwi aliyekuwa jaji, aliingia kutazama filamu ya shindano na kifaa chake cha kuonyesha maandishi hakikufanya kazi. Alitoka, na majaji wenzake Jeremy O. Harris na Eliza Hittman wakatoka naye. Ukisoma kisa hiki usiishie kwenye kifaa. Maandishi yaliyo kwenye skrini yenyewe hayaishiwi chaji, na DCP, yaani faili la kidijitali ambalo sinema hupokea kwa ajili ya kuonyesha filamu, linaweza kubeba toleo lenye maandishi na lisilo nayo, pamoja na njia ya sauti inayowasimulia wasioona yanayotokea. Yaombe siku ileile unapomwandikia mwongozaji kwamba amechaguliwa. Ukiomba wiki ya mwisho utaambiwa, kwa haki, kwamba pesa zimekwisha. Tafsiri ya mazungumzo pekee haimtoshi kiziwi: mlango unaogongwa na simu inayolia navyo viandikwe.

Halafu kagua jukwaa. Kumbi nyingi zina njia ya kiti cha magurudumu hadi viti vya watazamaji, kisha ngazi tatu za kupandia kupokea tuzo. Aliyejenga alimfikiria mlemavu kama mtu wa kupiga makofi tu.

Kwenye ratiba, tazama filamu "za utofauti" zimewekwa saa ngapi na ukumbi gani. Sehemu maalumu yenye jina zuri, Jumanne alasiri, viti themanini, ni njia ya kistaarabu ya kuziweka kando. Msimamizi wa maswali naye aelekezwe. Mara nyingi mwongozaji mmoja huulizwa kuhusu mwanga na uhariri, na mwenzake aliyetoka mbali huulizwa hali ya siasa ya nchi yake, kana kwamba yeye kamera yake hujiwasha. Mimi huomba maswali matatu ya mwanzo yahusu filamu.

Waandishi pia wanahusika. Mwaka 2018 matamasha ya Toronto na Sundance yalitangaza kutenga asilimia 20 ya vitambulisho vya wanahabari kwa waandishi wa makundi yanayosahaulika. Ni hatua nzuri, ingawa kitambulisho bila nauli humfaa anayeishi karibu. Kuhusu tuzo za uigizaji zisizotenganisha jinsia, ambazo tamasha la Berlin lilizianza 2021, naziunga mkono, lakini hazigusi swali la nani anaandikiwa uhusika mkuu.

Fomu za takwimu ziwe za hiari, watu wajieleze wenyewe, na majibu yasifike kwa wanaochagua. Usikisie jinsia wala asili ya mtu kwa jina lake. Zaidi ya yote, kuwa mwangalifu na wasifu unaochapwa kwenye kitabu cha tamasha. Sentensi moja ya kusifu ujasiri wa mwongozaji kuhusu mapenzi yake au siasa zake inaweza kumsubiri uwanja wa ndege siku anaporudi kwao. Muulize faraghani nini kichapwe, nini kisemwe jukwaani tu, na nini kisitajwe kabisa, na umwachie nafasi ya kubadili jibu hadi siku kitabu kinapokwenda kiwandani.