Wateja wa Patagonia, Antaktika na New Zealand kwa wiki tatu: niliyojifunza kwa kwenda mwenyewe

Mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama wateja wako wanne wanaweza kuona Patagonia (eneo la kusini mwa Argentina na Chile), Antaktika na New Zealand kwa wiki tatu. La pili, kama kuna haja ya ajenti kujigharimia kwenda kote huko wakati taarifa zipo mtandaoni. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba kwenye kazi hii. Miaka sita ya mwanzo niliuza safari za kusini ya mbali kwa kusoma vipeperushi na kuangalia ramani, halafu ndipo nikaanza kwenda. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Wiki tatu kwa vyote vitatu hazitoshi, usiwauzie. Na ndiyo, nenda. Majibu haya mawili kwangu ni jambo moja, na nililielewa Ushuaia.

Ushuaia ni mji wa Argentina ulio karibu na ncha kabisa ya Amerika ya Kusini, na meli nyingi za kitalii za kwenda Antaktika huondokea hapo. Ratiba niliyokuwa nikiwaandikia wateja ilikuwa hivi: kutua Buenos Aires asubuhi, kuunganisha ndege ya Ushuaia mchana, kesho yake jioni kuingia melini. Kwenye karatasi inapendeza sana. Nilipoifuata mwenyewe, nilitua Ezeiza, uwanja wa kimataifa wa Buenos Aires, na ndege ya Ushuaia ilikuwa inaondokea Aeroparque, uwanja mwingine kabisa, ndani ya jiji kando ya mto. Foleni ya uhamiaji, kusubiri mizigo, kisha teksi kwenye msongamano. Nilifika kaunta imeshafungwa. Nafasi niliyopata ilikuwa ya kesho yake alfajiri, na hiyo nayo ikachelewa kwa sababu ya upepo wa Ushuaia. Nilifika gatini zimebaki saa mbili meli ing'oe nanga.

Pale gatini nilimkuta mama mmoja na mumewe, watu wazima wa miaka sabini hivi. Wao walikuwa wamefika, mizigo yao ilikuwa haijafika. Mama alikuwa ameshika risiti ya sanduku, ameikunja na kuikunjua mpaka maandishi yameanza kufutika, na kila gari lililoingia gatini alilitazama. Hakuna lililokuwa na sanduku lake. Meli haisubiri mzigo. Walipanda na nguo walizovaa, mengine wakaazimwa na abiria wenzao, na kwa siku kumi kwenye baridi ile sikuacha kuwaza kwamba ratiba yao ilikuwa sawasawa na ile niliyokuwa nikiandika mimi.

Tangu hapo sijawahi kumpeleka mteja Ushuaia chini ya usiku mbili kabla ya meli. Na kuna jambo jingine linalosaidia kuliko hata hizo siku mbili: iweke meli mwishoni. Patagonia ije kwanza, Antaktika ifuate. Ndege ikichelewa, au sanduku likipotea, unachopoteza ni siku moja ya kutembea El Calafate, mji wa Patagonia, siyo meli yenyewe. Mawakala wengi hufanya kinyume, wanasema mteja apumzikie Patagonia baada ya bahari. Mimi sikubaliani nao.

Sasa Antaktika yenyewe, maana hapo ndipo wateja hukata tamaa kama hawakuambiwa ukweli. Safari inayoitwa ya siku kumi siyo siku kumi za barafu. Mlango wa Drake, yaani bahari iliyo kati ya Amerika ya Kusini na Antaktika, una upana wa kama kilomita 800, na kuuvuka ni siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Katika latitudo zile hakuna nchi kavu ya kuzuia upepo kuzunguka dunia nzima, ndiyo maana bahari huchafuka vile. Ukitoa siku hizo na ile ya kupanda na kushuka, zinabaki nne au tano. Mwambie mteja hivyo kabla hajalipa.

Kisha uliza meli inabeba watu wangapi, kabla hujauliza bei. Kampuni za utalii wa Antaktika zina chama chao, IAATO, kilichoanzishwa mwaka 1991, na kanuni yake ni kwamba abiria wasiozidi 100 ndio wanaokuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa, watu wanatazama kutoka sitahani. Kwa hiyo meli ya watu 190 maana yake ni zamu, nusu wako kwa pengwini na nusu wanangoja. Bei rahisi mara nyingi imejificha hapo.

Kuna mambo ambayo kipeperushi hakiwezi kukuonyesha. Siku ya pili baharini tuliitwa wote kusafisha nguo na viatu, tusije tukapeleka mbegu za kigeni kule. Nilikaa sakafuni na klipu ya karatasi niliyoinyoosha, nikichokoa mbegu moja moja kwenye utepe wa kunasia wa mkoba wangu, na kijana wa meli akanirudisha mara mbili, bado ziliwamo. Siku iliyofuata tukashuka kwenye boti za mpira. Unateremka ngazi ya pembeni ya meli, boti iko chini inapanda na kushuka na wimbi, baharia anakushika mkono karibu na kiwiko na wewe unamshika vilevile, siyo viganja, kwa sababu glavu zilizolowa zinateleza. Unasubiri neno lake, unakanyaga. Mzee mmoja wa kundi letu alishindwa ngazi ile kwa sababu ya goti, akabaki melini safari nzima. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za goti lake. Mimi sasa namuuliza kila mteja, hata kijana, na pia nahakikisha bima yake inagharimia kumhamisha mgonjwa kutoka kule, maana hospitali iliyo karibu iko ng'ambo ya Drake.

New Zealand inastahili safari yake peke yake. Nikupe mfano mmoja tu wa jinsi ramani inavyodanganya. Ukiweka rula kati ya mji wa Queenstown na Milford Sound, mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, utapata kama kilomita 70. Kwa barabara ni karibu kilomita 290, kwa sababu milima imekaa katikati na lazima uzunguke kupitia mji mdogo wa Te Anau, kisha upite kwenye handaki la Homer lililofunguliwa mwaka 1954. Kwenda na kurudi siku moja ni takriban saa nane za kukaa ndani ya gari. Nilikuwa nikiiuza hivyohivyo. Nilipoifanya, nusu ya basi walilala wakati wa kurudi na wakapita bonde la Eglinton bila kuliona. Sasa nawalaza Te Anau. Na mvua usiiombee radhi: Milford hupata zaidi ya mita sita za mvua kwa mwaka, na siku niliyokuwepo mimi ilinyesha asubuhi nzima. Miamba mikavu ikaanza kutoa maporomoko, kwanza nyuzi nyembamba, halafu mengi yasiyohesabika, mengine upepo unayapeperusha kabla hayajafika majini. Sijaona kitu kizuri kama kile katika kazi hii.

Waambie pia wasafishe viatu vya kutembelea milimani kabla ya kutua, na watangaze chakula chochote walicho nacho. Tunda moja lililosahaulika mkobani ni faini ya dola 400 za New Zealand papo hapo.

Tarehe. Hapa nilikosea mimi, na mteja ndiye aliyeumia. Ukitoka Auckland, New Zealand, jioni kwenda Santiago, Chile, unatua mchana wa siku ileile, saa kadhaa kabla ya ile uliyoondokea. Ukirudi upande wa pili, siku moja inamezwa. Niliwabukia watu hoteli ya Auckland kwa hesabu ya saa za safari tu, nikasahau mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka tarehe inabadilika. Hoteli ikahesabu hawakutokea, ikafuta chumba kwa usiku zote nne, na familia yenye watoto wawili ikafika alfajiri haina pa kulala. Tangu hapo siandiki tarehe ya kufika kwa kukokotoa kichwani, nainakili kutoka kwenye tiketi. Samoa ndiyo usiseme: mwaka 2011 waliiruka kabisa tarehe 30 Desemba ili wahamie upande wa pili wa mstari, kwa hiyo kati ya Samoa na Samoa ya Marekani ndege ni fupi sana lakini tarehe inabadilika.

Wateja wako wakiulizia Rapa Nui, kisiwa cha Chile chenye moai, zile sanamu kubwa za mawe, ni kama saa tano za ndege kutoka Santiago, na tangu 2018 mgeni haruhusiwi kuzidisha siku 30 na lazima awe na malazi yaliyosajiliwa na tiketi ya kurudi. Ibaki kwa safari nyingine.

Kwa hao wanne, katika wiki tatu, mimi ningepanga hivi: usiku mmoja Buenos Aires, nne El Calafate kwa ajili ya barafuto la Perito Moreno, kisha ndege ya moja kwa moja mpaka Ushuaia usiku mbili, meli, na usiku mmoja wa akiba wakati wa kurudi. Kila mtu abebe mkononi dawa zake, glavu, suruali isiyopenya maji na nguo za ndani za baridi za siku mbili. Malipo ya awali ya meli mara nyingi hayarudishwi, kwa hiyo kabla hujayatuma, niwekee hapa ratiba na tarehe zote pamoja na majina ya viwanja vya ndege, nitaipitia mstari kwa mstari.