Chunguza kwanza kile unachokiita kitakatifu

Katika kikundi chetu cha maombi, mtu akileta swali la sanamu, mara nyingi huwa ni sanamu za jirani. Wale wa kanisa la pili wana picha ukutani. Yule dada amevaa shanga mkononi. Shangazi huko kijijini bado anamwaga pombe kaburini. Kwa wote wanaouliza hivyo nina jibu moja, na nimelipata kwa Wayahudi, watu walioibeba amri ya kutoabudu sanamu kabla yetu: chunguza kwanza kitu kitakatifu ulicho nacho wewe mwenyewe, kile ambacho hujawahi kukitilia shaka.

Soma upya kisa cha ndama wa dhahabu, taratibu. Tumezoea kukisimulia kama kisa cha watu waliomtupa Mungu wakaenda kucheza ngoma. Lakini katika Kutoka 32:5 Haruni anajenga madhabahu mbele ya ndama yule, kisha anatangaza: "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Jina ni lile lile la aliyewatoa Misri. Musa amekawia mlimani, hofu imewashika, nao wanataka kitu cha kutazama wakati wakimngoja Mungu asiyeonekana. Yuda Halevi, mshairi na mwalimu wa Kiyahudi wa Hispania aliyefariki mwaka 1141, alilieleza kosa lao hivyo hivyo: hawakukusudia kumwacha Mungu aliyewatoa utumwani, ila walitaka kitu cha kukielekea kwa macho, wakajitengenezea wenyewe kile walichokatazwa. Ndama alitengenezwa na watu waliokuwa na kiu ya ibada.

Kisha nenda Waamuzi. Gideoni aliyebomoa madhabahu ya Baali usiku ndiye huyo huyo aliyekusanya shekeli 1,700 za dhahabu baada ya ushindi, akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake Ofra. Israeli wote wakaiandama, ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Huwa namtaja Gideoni kwa vijana wenye hamu ya kubomoa vya wengine.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha nyoka ya shaba. Ile haikuwa kazi ya wapagani. Mungu mwenyewe aliagiza itengenezwe, Musa akaitengeneza, na aliyeumwa na nyoka akiitazama alipona. Ikahifadhiwa kizazi baada ya kizazi. Ilipofika karne ya 8 KK, enzi za mfalme Hezekia, watu walikuwa wakiifukizia uvumba, naye akaivunja vipande vipande. Hebu fikiria uzito wa kuvunja kitu kilichotoka mkononi mwa Musa, chenye ushuhuda wa uponyaji ulioandikwa kwenye Torati! Marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, walimuunga mkono. Na katika Mishna, mkusanyiko wa mafundisho yao uliokamilika yapata mwaka 200, wakauliza: je, nyoka huua, au nyoka huhuisha? Jibu lao ni kwamba Waisraeli walipoinua macho juu na kuitiisha mioyo yao kwa Baba yao wa mbinguni, walipona. Wasipofanya hivyo, walidhoofika.

Kutokana na kisa hicho nimejiwekea swali moja, nawe nakushauri ulichukue. Tazama kile unachokiegemea katika ibada yako. Inaweza kuwa chupa ya mafuta, mlima fulani wa maombi, sauti ya mchungaji fulani, saa fulani ya usiku, au Biblia unayoilaza chini ya mto bila kuifungua. Jiulize: kikiondolewa kesho, nitaendelea kuomba?

Wayahudi waliulizwa swali hilo kwa moto. Yeremia alikuwa amewaonya wa zamani wasitumainie maneno ya uongo ya kurudia "Hekalu la BWANA" huku wakimwonea mgeni, yatima na mjane. Hekalu lile likaanguka. La pili likateketezwa na Warumi mwaka 70. Mapokeo yanasimulia kwamba Rabi Yohanani ben Zakai alikuwa akitoka Yerusalemu na mwanafunzi wake Yoshua, na Yoshua alipoyaona magofu akalia: ole wetu, mahali pa upatanisho wa dhambi zetu pamebomolewa. Mwalimu wake akamwambia asihuzunike, maana wanao upatanisho mwingine ulio sawa na ule, yaani matendo ya fadhili. Kwa kuwa imeandikwa kwamba Mungu apenda fadhili wala si sadaka. Hakuna madhabahu, hakuna kuhani mkuu, hakuna dhabihu, na ibada ikaendelea. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, ikaipa sala jina la ibada ya moyoni.

Haya nilianza kuyaona kwa macho nilipokuwa Israeli kwa mafunzo ya kilimo, kwenye jangwa la Araba, kusini mwa Bahari ya Chumvi. Watu wengi wa pale si wa ibada sana. Lakini kulikuwa na mzee mmoja kwenye banda la kupakia pilipili hoho ambaye kila alipopita mlangoni aligusa kikasha kidogo kilichopigiliwa kwenye mwimo wa kulia, kisha akabusu vidole vyake. Ilikuwa mezuza. Mimi nimekulia kwenye kanisa linalokemea hirizi kila Jumapili, nikamuuliza wazi: "Mzee, hii si hirizi?"

Hakukasirika. Ulikuwa mwezi wa Eluli, kabla ya mwaka mpya wao, na alikuwa anazitoa mezuza zake ili zikaguliwe. Talmudi inataka mezuza ya nyumbani ikaguliwe mara mbili katika kila miaka 7. Akafungua kikasha kimoja, akakunjua ngozi iliyokuwa imesokotwa ndani. Mistari 22, imeandikwa kwa mkono, wino mweusi, herufi zimesimama wima na nyingine zina vitaji vidogo kichwani. Akaniambia herufi moja ikipasuka, yote haifai tena. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akanisomea: Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja. Maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6 na ya 11, yale ninayoyajua tangu shule ya Jumapili.

Kisha akanieleza hukumu ya Rambam, ambayo baadaye niliitafuta nikaisoma mwenyewe. Rambam ndiye Musa ben Maimoni, mzaliwa wa Kordoba, tabibu na mwanasheria aliyefariki Misri mwaka 1204. Zama zake walikuwapo watu walioandika majina ya malaika ndani ya mezuza ili iwalinde zaidi. Rambam aliwakemea kwa maneno makali: hao hawana sehemu katika ulimwengu ujao, kwa kuwa wameichukua amri kuu ya kukiri umoja wa Mungu, kumpenda na kumtumikia, wakaifanya kama hirizi ya kujinufaisha. Kikasha ni kile kile, mlango ni ule ule, na maandiko yenyewe wameyaacha kama yalivyo. Walichobadilisha ni kile wanachokitaka kutoka kwake. Anayegusa mezuza ili akumbuke ni nani anayemtumikia, yuko kwenye ibada. Anayeitegemea imfukuzie mikosi amekwisha kuhamia kwenye uganga, japo ndani mna Torati safi.

Nilipokuwa namsikiliza yule mzee, mawazo yalirudi nyumbani. Nimeona mlangoni mwa nyumba ya ibada chupa za mafuta zimepangwa kwa ukubwa, ndogo ya biashara, kubwa ya ndoa, na mjane anahesabu noti zake mara mbili. Inauma. Mafuta hayana kosa. Yametajwa kwenye Maandiko matakatifu, kama vile nyoka ya shaba ilivyotajwa. Ndugu yangu uliye na chupa hiyo kabatini, sitakwambia uimwage. Nakuomba tu ujibu kwa dhati: ukishaipaka, unamkumbuka Mungu, au unapumua kwa kuwa sasa una kinga?

Huyo huyo Rambam anaeleza pia jinsi ibada ya sanamu ilivyoanza, akiiweka zama za Enoshi, mjukuu wa Adamu. Watu walisema: Mungu ameziumba nyota akaziweka juu, akazipa heshima, basi nasi tuziheshimu, kama mfalme anavyopenda watumishi wake waheshimiwe. Wakazijengea nyumba, wakaziimbia sifa, kwa nia ya kumpendeza Muumba. Baadaye wakatokea watu waliodai kutumwa na nyota yenyewe, wakatoa maagizo na mifano. Miaka ikapita, jina la Mungu likasahaulika midomoni. Hatua ya kwanza haikuwa uasi kabisa, na hapo ndipo pananitisha. Kila ninapoona mtumishi wa Mungu anaimbiwa kwa jina lake, picha yake imebandikwa kwenye gari na dukani ili kuleta baraka, naikumbuka hatua hiyo ya kwanza.

Sasa kuhusu maombi yenyewe, maana hata maombi yanaweza kugeuka. Mzee yule alikuwa na sala ya alasiri kabla jua halijazama. Mashine ya kuchambua pilipili ikinguruma, yeye alijitenga pembeni, akageukia kaskazini uliko Yerusalemu, akarudi nyuma hatua tatu, akasogea mbele hatua tatu, miguu akaiunganisha. Midomo ilicheza bila sauti, kama ya Hana mama yake Samweli, ambaye marabi walimfanya mfano wa namna ya kuomba. Hapakuwa na kitu mbele yake ila bati la ukuta. Simu ikiita haipokei. Mishna inasema hata mfalme akikusalimu usimjibu.

Kutoka kwake nilijifunza kuwa na saa maalumu, na kwa mtu mwenye shughuli nyingi huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Usingoje kusikia hamu, maana wiki nzima inaweza kupita. Lakini Mishna hiyo hiyo inamnukuu Rabi Eliezeri akionya kwamba anayeifanya sala yake kuwa ratiba tu, sala yake si dua. Mambo haya mawili yanavutana, na sijaona Wayahudi wakijaribu kuyapatanisha kwa urahisi. Wana saa, wana maneno yaliyoandikwa, na papo hapo wanadaiwa moyo. Wachamungu wa kale walikaa kimya saa nzima kabla ya kuomba ili mioyo yao imwelekee Mungu. Sheria zao za baadaye zinakubali kwamba akili ya mtu hutangatanga, hivyo zinadai kwamba ukishindwa kuielekeza katika sala yote, angalau baraka ya kwanza uiseme kwa moyo uliotulia. Mimi nimeichukua hiyo kama ilivyo. Nikichoka sana, naomba sentensi chache ambazo nimezikusudia kweli, halafu nalala.

Marabi walipeleka amri hii ya kutoabudu sanamu ndani zaidi ya nilivyotarajia. Anayerarua nguo na kuvunja vyombo kwa hasira, Talmudi inasema umwone kama mwabudu sanamu, kwa sababu ya andiko la Zaburi 81 lisemalo usiwe na mungu mgeni ndani yako. Na mungu mgeni aliye ndani ya mtu ni ule msukumo mbaya wa moyo. Anayefumba macho asimwone maskini wakamweka kundi hilo hilo. Mtu anaweza kuwa na nyumba isiyo na picha hata moja, na mke na watoto wakawa wananyamaza wakisikia hatua zake mlangoni.

Na wale majirani tulioanza nao? Talmudi ina kisa cha Rav Ashi, mwalimu mkubwa wa Babeli, ambacho kingefaa kusomwa katika kila kikundi cha maombi. Walikuwa wamefikia somo la wafalme walioabudu sanamu, akawaambia wanafunzi: kesho tutaanza na wenzetu. Usiku ule akatokewa ndotoni na mfalme Manase, yule mwana wa Hezekia aliyejaza Yerusalemu sanamu. Manase akamuuliza kama kweli anamwona mwenziwe, kisha akamtega kwa swali la sheria: mkate wa kubarikiwa huanza kukatwa upande gani? Rav Ashi hakujua. Manase akamfundisha: pale ulipoiva kwanza. Rav Ashi akashangaa: kama una elimu hivyo, mbona uliabudu sanamu? Manase akamjibu: ungekuwepo siku zile, ungepandisha pindo la vazi lako ukanikimbilia kunifuata. Asubuhi Rav Ashi akaingia darasani akasema, tuanze na walimu wetu.

Kwa anayetaka pa kuanzia, mezuza si lazima. Hiyo ni amri waliyopewa wao, na sipendi kuona watu wetu wakiinunua kama pambo la baraka. Maneno yaliyomo ndani unayo tayari. Soma Kumbukumbu la Torati 6:4-9 ukiamka na kabla ya kulala. Ukifika mstari wa kwanza, funika macho kwa kiganja kama wanavyofanya wao, useme polepole. Kaa kimya dakika chache kabla, simu ikiwa chumba kingine. Baada ya miezi michache ongeza sura ya 11, mstari wa 13 hadi wa 21, na hapo ndipo uanze kupita chumbani mwako, kitu kimoja kimoja, na lile swali nililolipata kwenye kisa cha Hezekia: kikiondolewa kesho, nitaendelea kuomba?